Mkono Wangu Haukuuliza

Jumapili, 2 Juni

Mama Mdogo,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Hata Mungu nimekuwa nikimzungukazunguka nikisali. Yule Mwalimu, mimi sikumuuliza.

Haya, nimeliandika.

Siku yenyewe unaikumbuka. Dada wa mapokezi alikuwa amempeleka mtoto kliniki, shule zimefungwa, Mama akaniketisha pale mbele, mapokezi ya spa. "Saa mbili tu, mwanangu. Tabasamu, ujaze fomu." Na sheria yake unaijua kuliko mimi: mteja hapewi fomu ajaze mwenyewe. Anaulizwa kwa mdomo, swali moja moja, kwa sababu karatasi haimwoni mtu akisita. Una presha? Umewahi kupasuliwa? Una aleji ya kitu chochote?

Mwalimu akaingia na kadi ya zawadi aliyonunuliwa na watoto wake. Mkoba kaukumbatia kifuani, viatu kavipiga rangi kana kwamba anakuja kusahihisha mtihani. Nyuma yake kulikuwa na watu watatu wanasubiri, mmoja mvulana wa darasa letu aliyemsindikiza mama yake. Nikamuuliza Mwalimu jina. Nikamuuliza namba ya simu. Nilipofika kwenye presha, sauti ikakauka. Kumuuliza mtu mzima habari za mwili wake mbele za watu! Nilihisi kama nimeagizwa nimvue nguo palepale. Nikainamia karatasi nikaweka hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Kisha nikasema, "Karibu ndani." Nilisema kwa sauti kubwa hata nikajishangaa.

Yaliyofuata unayajua, maana mafuta ya lozi yalikuwa mikononi mwako. Mimi nilisikia tu kelele, nikaona taulo zinakimbizwa, nikamwona Mwalimu anatolewa akiwa ameshika koo, uso umefura mpaka macho yamekuwa mistari. Alilala wodini siku mbili.

Halafu ile asubuhi ya chumba cha kufulia. Mama aliwasimamisha wote mduara kama afanyavyo kila kukitokea kosa, kila mtu ataje mkono wake mwenyewe, na ni marufuku kutaja mkono wa mwenzio. Fundi wa miguu akasema mkono wake ulichelewa kupiga simu. Ukafika wewe. Ukasema, "Mkono wangu haukuuliza tena." Mama akasema, "Nimesikia," kama kawaida yake, kisha akanyamaza. Akanyamaza sana. Mimi nilikuwa pale kwenye rafu, nimekumbatia taulo mpaka kidevuni. Mashine ilikuwa inazungusha shuka. Ikamaliza, ikatulia, na mimi sikufungua mdomo.

Baada ya wiki tatu Mama akarudi nyumbani akasema, "Mama yako mdogo hafanyi kazi tena pale," akaingia kuoga. Amekufukuza wewe, mdogo wake wa tumbo moja, kwa sababu ya alama zangu za kalamu. Ni miezi minane sasa naamka nalo na kulala nalo.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Chama cha wenye spa kinatafuta kiongozi bora wa mwaka. Wafanyakazi wamempendekeza Mama kimyakimya, na inatakiwa insha kutoka kwa mtu anayemjua, kwa lugha mbili. Fundi wa miguu akanifuata nyumbani: "Wewe uliyesomeshwa lugha mbili kwa ada moja, tuandikie." Kichwa cha insha wametupa wao: Nini humfanya mtu awe kiongozi bora katika kazi ya spa? Mwisho ni tarehe mosi mwezi ujao. Nimeandika kichwa hicho mara tano, chini yake hamna kitu.

Mimi simjui Mama kama kiongozi, Mama Mdogo. Namjua mtu anayerudi akinuka mikaratusi, anayekula amesimama karibu na sinki, anayeloweka mikono kwenye beseni huku kafumba macho. Tunaishi wawili humu ndani na kuna siku maneno yetu ya kutwa nzima hayafiki kumi. Wewe umefanya naye kazi miaka kumi na moja. Niambie niandike nini.

Usinipigie. Kwenye simu nakwama, unajua.

Konokono wako


Jumatatu, 10 Juni

Konokono wangu,

Barua! Binti wa mapokezi huku ameishika kwa ncha za vidole kama hati ya mahakama. "Mama, una kesi?" Nikamwambia sina kesi, nina mtoto. Siku hizi mnatumiana vikatuni kwenye simu, kumbe kuna mmoja bado ana mwandiko. Tena mzuri, siyo ule wangu wa kuku aliyekanyaga wino.

Huku niko salama. Hoteli iko mlimani, wageni wanakuja na migongo yao migumu kama mbao wanaondoka wanacheka. Simu tunaziacha kabatini asubuhi, jioni tukizitoa mtandao umeshalala, kwa hiyo hata kama usingesema nisikupigie, nisingekupigia. Chumba changu kina dirisha moja na kiti kimoja. Akija mgeni mimi nakaa kitandani. Bado hajaja.

Sasa kuhusu insha. Andika hivi. Kila asubuhi, kabla hatujafungua, mama yako huingia chumba kimoja kimoja, anapanda kitanda cha masaji, viatu kavua, analala chali. Anaangalia dari. Siku ya kwanza nilidhani dada yangu amechoka na maisha. Akaniambia, "Mteja huyu atakaa na hii dari saa nzima. Wewe atakuona dakika mbili." Alikuwa ameona utando wa buibui pembeni ambao sisi sote tulipita chini yake mwezi mzima.

Halafu anageuka kifudifudi, anaingiza uso kwenye lile tundu la kitanda, anakuita uje usimame kama unafanya kazi. Toka kule chini haoni chochote isipokuwa miguu yako. Ndiyo maana anatujua kwa miguu. Dada wa kucha alipofiwa na mume alijifanya shujaa, akapaka wanja, akacheka na kila mtu. Mama yako akamwambia, "Leo wewe utakunja taulo." Mwenzetu akabisha, mimi mzima! Akamjibu, "Umesimama kama mtu anayeegemea ukuta, na ukuta haupo." Akakunja taulo siku tisa. Siku ya kumi akarudi chumbani mwenyewe.

Nyingine. Mteja akilalamika, hasemi "mfanyakazi wangu amekosea." Anasema "tumekosea." Niliwahi kufanya kazi sehemu ambayo bosi alikuwa na "mimi" ya sifa na "nyinyi" ya lawama. Huyu wako ni kinyume.

Na usisahau kuandika kwamba hajui kuimba, lakini huimba stoo akidhani hatusikii.

Lile la fomu tuliache. Yameshapita, Mwalimu alipona, mimi nina kazi. Ulikuwa mtoto. Kula, soma, na usijikunje sana ndani ya gamba, utapinda mgongo nije nikunyooshe mwenyewe.

Mama mdogo wako


Jumapili, 16 Juni

Mama Mdogo,

Asante kwa ya dari na ya miguu. Nimeyaandika, kurasa mbili, kwa lugha zote mbili. Fundi wa miguu amesoma akasema ushindi tumeshaushika mkononi.

Lakini hayajapita. Na mimi sikukuandikia yote. Nilipofika kwenye sehemu hii, barua ya kwanza niliifunga haraka haraka.

Mwezi wa tano nilikuwa duka la dawa, nimetumwa plasta. Mwalimu akaingia ameshikwa mkono na binti yake, kama mtu anayevushwa mto. Muuza dawa akamuuliza anaendeleaje, binti akajibu. Akamuuliza analala vizuri, binti akajibu. Mwalimu amesimama tu, anatazama dawa za kikohozi. Halafu akaniona. Akanitambua, Mama Mdogo! Alinitambua mara moja, pamoja na kwamba nilikuwa na sare na nywele nimekata.

Akasema, "Wewe ndiye binti wa mapokezi. Uliniuliza kuhusu aleji, nami nikakujibu hapana. Siyo?"

Nikaweka plasta kaunta.

Akasema tena, taratibu, "Mimi najua tangu nina miaka sita kwamba lozi na karanga ni sumu kwangu. Nimewafundisha watoto elfu na zaidi nisionje hata kashata zao. Halafu siku hiyo ukaniuliza, nami nikasema hapana. Niambie, nilisema hapana?"

Binti yake akamvuta kidogo. "Mama, tumeshaongea kuhusu hili. Fomu ipo." Kisha akanigeukia na ile sauti ya kuomba radhi: "Msamehe, siku hizi anasahau. Tumemchukulia funguo za gari, na jiko hawashi akiwa peke yake."

Mwalimu hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi. Alikuwa ananiomba.

Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Basi. Akatikisa kichwa kama mwanafunzi aliyeoneshwa kosa lake ubaoni. Akasema, "Ahsante, binti." Wakatoka.

Kwa hiyo usiniambie nilikuwa mtoto. Kwenye fomu nilikuwa na haya. Pale dukani, nilikuwa nini? Kuna mtu kwenye nyumba yake anaamini kichwa chake kinabomoka, na mimi ndiye niliyemshikisha hilo neno. Plasta niliisahau kaunta. Mama aliniuliza iko wapi, nikasema zimekwisha dukani.

Rudi. Ukirudi wewe nitapata nguvu ya kusema. Au nije huko likizo, nikae nawe, nitalala chini. Sitasumbua, unajua mimi hata kula kwangu hakusikiki.

Konokono


Alhamisi, 20 Juni

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako kwenye chumba cha mvuke, mashine imezimwa, nimekaa na taulo kichwani. Wenzangu wakadhani najipumzisha.

Kwanza nikutue mzigo usio wako. Mama yako hakunifukuza. Niliacha kazi mwenyewe. Na si kwa sababu ya Mwalimu. Barua ya hoteli hii ilikuwa ndani ya mkoba wangu wiki mbili kabla ya siku ile. Nilikuwa nimechoka kuwa mdogo wa bosi. Nikifanya vizuri, "ah, ni dada yake." Nikikosea, "ah, ni dada yake." Nilitaka kwenda mahali ambapo mikono yangu itakuwa mikono tu. Ila sikuwa na uso wa kumwambia, mtu aliyenifundisha kazi tangu sijui kushika chupa ya mafuta. Nikawa nasubiri mlango.

Siku ile nilipoingia chumbani, barua ilikuwa kichwani mwangu. Sheria inasema anayegusa naye huuliza tena. Sikuuliza. Nilikuwa naunda sentensi za kumuaga dada yangu huku mikono inamimina lozi. Kwa hiyo niliposema mkono wangu haukuuliza tena, usije ukadhani nilikuwa nakufunika wewe. Nilikuwa nasema kweli, nusu yake. Nusu ya pili niliificha, na kosa nikalifanya mlango, nikapitia. Mama yako mpaka leo anadhani niliondoka kwa aibu ya kosa lile. Alinifuata stoo akaniomba nibaki. Sikumwambia kuhusu barua. Nilimwacha aamini hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu. Unaona? Ukoo mzima ni wa konokono.

La pili. Mama yako anajua kuhusu fomu. Anajua tangu siku ile. We mtoto, unaogopa kumuuliza muuza duka kama kiberiti kipo, unasimama mpaka akisie mwenyewe unachotaka akuuzie. Ungemuuliza mwalimu mzima habari za mwili wake? Mama yako ndiye aliyekuzaa. Ule ukimya wa chumba cha kufulia, aliponisikia mimi kisha akasubiri mpaka mashine ikasimama, alikuwa anakusubiri wewe. Hakugeuza macho upande wa rafu hata kidogo, ili usije ukaona umesukumwa. Sheria ni yake: hakuna kutaja mkono wa mwenzio. Angekutaja, kesho yake nani angeamini ule mduara? Akasubiri pale. Nadhani amekuwa akisubiri nyumbani pia, na wewe unadhani amechoka.

Sasa nikwambie jambo la insha ambalo barua ya kwanza sikulisema, kwa sababu nilitaka ushinde. Sheria ile ni nzuri na dada yangu ni kiongozi kuliko wote niliowahi kuona. Lakini kwa Mwalimu amekosea. Najua humtembelea, humkanda mikono, humwambia kosa ni letu. Mwalimu haamini, anaona anafarijiwa. Na mama yako hawezi kumweleza zaidi bila kukutaja. Amelinda sheria na amemlinda mwanawe, na katikati yake kuna mtu anapotea. Nilimwambia hivyo stoo. Akaniambia, "Atasema. Mpe muda." Miezi minane ni muda mrefu kwa mtu mwenye umri ule.

Kwa hiyo, hapana. Sirudi, na likizo usije kwanza. Ukija huku sasa utakuwa umekimbia, na mimi nitakuwa nimekusaidia kukimbia, maana huo ndio ufundi wangu. Nenda mduarani. Sema kwa mdomo, hata kama sauti itatoka kama mlango usiopakwa mafuta. Kisha uende kwa Mwalimu. Mimi naandika kwa dada yangu kuhusu barua ya mkobani. Nimeanza mara mbili, nimechana mara mbili.

Nakupenda. Sijui kama nilikuandikia hilo barua iliyopita.

Mama mdogo wako


Jumatatu, 24 Juni

Mdogo wangu,

Nimekutumia kwenye kifurushi viatu vyako vyeupe ulivyosahau kabatini. Soli ya kushoto imelika upande wa nje. Bado unasimamia mguu mmoja. Jihadhari na nyonga.

Kazi inakwenda. Mashine moja ya kufulia imekufa, tunapokezana na iliyobaki. Wamepanga jambo la tuzo, wanadhani sijui. Mtu akiingia chumba cha chakula wote wakanyamaza kisha wakaanza kuongelea hali ya hewa, si utajua tu? Ingawa hata bila tuzo mimi nikiingia hunyamaza. Siku hizi nakula stoo, wapate kucheka.

Naona wamempa mtoto aandike. Sijui atapata wapi ya kuandika. Nikifika nyumbani maneno yangu yote nimeshayatumia, na yanayobaki naogopa yatatoka kama amri. Juzi nilisimama mlangoni kwake, nikasikia kalamu inakwenda. Nikarudi jikoni.

Nimeona bahasha zenye mwandiko wako. Je, anakuandikia? Usiniambie anachosema. Niambie tu kama barua zake ni ndefu.

Dada yako


Jumapili, 30 Juni

Mama Mdogo,

Ijumaa niliamka kabla ya Mama. Nikavaa sare ya shule nikaenda moja kwa moja spa. Alipofika kufungua alinikuta kwenye ngazi. Nikamwambia, "Naomba mduara." Nadhani nilinong'ona, maana aliinama kidogo. Hakuuliza wa nini. Akafungua mlango, akawasha taa za chumba cha kufulia, akasimama mahali pake.

Wakaja mmoja mmoja. Dada wa kucha na soda yake, Dada wa mapokezi, mzee wa mvuke, Fundi wa miguu anapiga miayo: "Kosa gani tena asubuhi hii, hata mteja hatujamgusa?" Mama akasema, "Nyamaza." Nikajua kabisa kwamba umesema kweli, anajua, kwa sababu Mama hawaambiagi watu nyamaza.

Nikasema. Sikumbuki nilianzaje. Nakumbuka nilisema, "Mkono wangu uliandika hapana mara tano bila kuuliza hata mara moja," kisha la duka la dawa, lile la ndiyo, Mwalimu. Hapo Dada wa mapokezi akashika mdomo. Nilikuwa naangalia miguu ya watu.

Mama akasema, "Nimesikia."

Nikadhani imeisha. Fundi wa miguu akaanza kugeuka aondoke. Ndipo Mama akasema, "Bado." Unajua hajawahi kutaja mkono wake kwenye ule mduara; yeye ni wa kusikia. Akasema, "Mkono wangu ulijua tangu siku ya kwanza. Ulinyamaza. Nilisema ni kwa ajili ya sheria yetu. Haikuwa sheria peke yake. Nilikuwa mama yake." Akataka kuendelea, ikashindikana. Akachukua taulo, akaanza kukunja. Mzee wa mvuke akasema polepole, "Tumesikia." Wengine wakafuata, "Tumesikia," mmoja mmoja. Kisha wote tukakunja taulo mpaka zikaisha, halafu nikachelewa shule.

Jana nikaenda kwa Mwalimu. Mama alisema atanisindikiza, nikamwomba asubiri nje ya geti. Akasubiri.

Mwalimu alikuwa mezani na daftari. Anaandika majina ya wanafunzi wa darasa lake la kwanza kabisa, kwa mpangilio wa mahudhurio. Binti yake anasema anaandika kila siku, akikwama jina moja hali chakula. Nikamwambia. Akafunga daftari. Akasema, "Rudia. Kwa sauti ya darasani."

Nikarudia.

"Mwite mwanangu aje." Binti akaja anafuta mikono. "Sasa rudia tena."

Mara ya tatu sauti ilitoka vizuri, sijui ni kwa nini. Binti yake akakaa chini bila kutafuta kiti, akakaa pale pale kwenye zulia. Mwalimu akamnyooshea kiganja. "Funguo."

"Mama, tutaongea..."

"Funguo."

Hakushusha mkono. Sikuona mwisho wake, kwa sababu alinigeukia akasema, "Miezi minane, binti. Nilianza kumwogopa mtu anayeishi ndani ya kichwa changu. Usiku nilikuwa namuuliza maswali kumjaribu." Nikasema nisamehe. Akasema, "Hilo sina leo. Nenda." Nikaenda. Mama alikuwa bado amesimama getini, mguu mmoja kwenye kivuli. Tukarudi nyumbani kwa miguu, njia nzima, kila mtu na upande wake wa barabara.

Insha nimeiandika upya. Nimebakiza dari na miguu, nikaongeza Mwalimu. Nimeandika kwamba kiongozi bora wa spa ni mtu anayetuma watu wawaguse wageni waliofumba macho, kwa hiyo lazima awe mahali ambapo kosa linaweza kusemwa. Nimeandika kwamba Mama alitengeneza mahali hapo kwa ajili ya kila mtu, akachelewa kupatumia mwenyewe, na kwamba alipopatumia alifanya hivyo mbele ya watu anaowaongoza. Leo asubuhi nimewasomea wafanyakazi. Fundi wa miguu akasema, "Kweli tupu. Tuzo ndiyo basi." Lakini wote wametia saini. Kesho inakwenda.

Sasa nikwambie kilichobaki. Tangu Ijumaa Mama hajaniambia kitu zaidi ya chumvi iko wapi na funga dirisha. Nilidhani nikisema, nyumba itafunguka. Kazini anajua la kufanya, kuna mduara, kuna neno la kujibu. Humu ndani hatuna mduara, ni yeye na mimi na sinki. Leo mchana amesimama nje ya mlango wangu mara mbili. Nilisikia ndara zikija, zikatulia, zikarudi jikoni. Mara ya pili nilitaka kuita, sauti ikafanya yale mambo yake. Wewe ungeita tu, "Dada, ingia, unalinda nini hapo?" Mimi nimebaki naandika ili nisisikie

Ndara tena. Zimetoka jikoni. Zinakuja, zimepita bafuni, hazijasita pale zinaposita siku zote. Anashika kitasa.

Naificha hii chini ya godoro, Mama Mdogo. Akiiona atakaa aisome kimya, na mimi kimya nimeki